“Ni Kawaida” Si Tiba

Mmoja wetu katika chumba hiki cha habari alimsindikiza mama yake mdogo, mkaazi wa Mbweni, kwenda kusafishwa damu. Kituo hatukitaji, kwani hatukukaa kuandika haya ili kumvizia mtu. Mama mdogo ana miaka 43. Alipimwa uzito, akapimwa presha, akaulizwa amekunywa maji kiasi gani tangu Jumamosi na kama amegusa ndizi. Akaketi, kanga ya pili juu ya miguu, mkono wa kushoto umenyooshwa. Chini ya ngozi ya mkono huo upo mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya sindano; ukiuwekea kiganja unausikia ukinguruma kama paka aliyelala. Sindano mbili zikaingia, damu ikawa inatoka kwa mpira huu na kurudi kwa ule. Ndipo alipomwita muuguzi karibu akamnong'oneza: “Mwanangu, mwezi wa nane huu sijaziona siku zangu. Na usiku natota jasho mpaka nabadilisha shuka.” Muuguzi, binti mpole aliyekuwa na wagonjwa wengine wakimngoja, akamjibu kwa upole wake: “Usijali mama, kwa watu wa mashine hayo ni kawaida.” Akaenda zake kwa mgonjwa wa pili.

Muuguzi hakudanganya. Mwanamke ambaye figo zake zimeshindwa, hedhi yake huruka, hukatika au humwagika ovyo, na ukomo wa hedhi humjia kwa wastani miaka minne au mitano mapema kuliko wenzake. Lakini presha nayo ni kawaida kwa mgonjwa wa figo, na hatujamsikia mtu mwenye presha ya 190 akiambiwa arudi nyumbani akalale kwa kuwa ni kawaida. Upungufu wa damu ni kawaida. Una sindano yake. Fosfati kupanda ni kawaida. Ina vidonge vyake. Ni hedhi peke yake ambayo neno hili limegeuzwa kuwa ndiyo dawa. Hukumu yetu tunaitoa mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta: huduma ya figo isiyomuuliza mwanamke habari za siku zake ni huduma pungufu, na pengo hilo halizibwi kwa kununua mashine mpya.

Tueleze kidogo, maana aibu nyingi hulelewa na kutojua. Hedhi huamriwa kutoka kichwani. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na ndogo kama punje ya mbaazi, hutuma homoni za kuziamsha ovari. Katikati ya mwezi hutuma wimbi moja kubwa na yai likatoka. Figo zikifa, wimbi lile haliji. Homoni ya prolaktini, ileile inayomletea maziwa mama anayenyonyesha, hulimbikizana mwilini, na ikizidi huzinyamazisha ovari. Wapo wagonjwa wanaoona maziwa yakiwatoka na hawana mtoto, wakadhani wamerogwa. Mashine huondoa sumu, maji na chumvi zilizozidi. Mazungumzo ya kichwa na ovari haiwezi kuyarudisha.

Wala hayaendi kwa njia moja. Huyu hedhi humkatikia akiwa na miaka 38. Yule, kwa sababu yai halitoki na projesteroni haipatikani, ukuta wa mji wa mimba hujijenga miezi miwili mitatu kisha hubomoka kwa mkupuo. Na kwa kuwa kwenye mashine hutiwa heparini ili damu isigande, humwagika siku kumi. Damu hiyo ni ya mtu ambaye tayari hana damu, kwani figo ndizo zilizokuwa zikitoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Jumatatu anachomwa sindano ya kuongeza damu, Jumanne anaipoteza chooni kimya kimya, na mwisho wa mwezi daktari anatazama karatasi ya maabara akijiuliza kwa nini hemoglobini haipandi. Angemuuliza tu mwenyewe.

Estrojeni ikishuka kabla ya wakati, joto la ghafla na jasho ndiyo yanayoonekana. Mwanamke anajipepea katikati ya kipupwe, wenzake barazani wamejifunika shuka, na kila mtu anamcheka. Yasiyoonekana yamo mifupani. Mifupa ya mgonjwa wa figo tayari imo mashakani: vitamini D haikamilishi kazi yake bila figo, fosfati hupanda, na tezi za paratiroidi zilizo shingoni hukazana kunyonya kalisi kutoka kwenye mfupa. Ongeza hapo miaka mitano au kumi bila estrojeni. Dawa ambazo mwanamke mwingine angeandikiwa kuimarisha mifupa, zile za jamii ya bisfosfoneti, hutoka mwilini kwa njia ya figo, hivyo kwa huyu haziandikwi kwa wepesi. Akifika miaka 50 akateleza msalani na kuvunjika nyonga, ukoo mzima utasema ni mtihani wa Mungu. Mtihani ni wa Mungu, sawa, lakini swali ambalo hakuulizwa kwa miaka kumi lilikuwa juu yetu sisi.

Mwaka 1999 madaktari wa Warsaw, Poland, walichapisha matokeo ya kundi dogo la wanawake wa mashine ambao ovari zao zilinyamaza mapema. Waliobandikwa estradioli kwenye ngozi, pamoja na projestojeni, kwa muda wa mwaka mmoja, mifupa yao ilishika vizuri kuliko wenzao wasiopewa. Kundi lilikuwa dogo na hatulifanyi hoja ya mwisho. Tunachosema ni kwamba miongo miwili na ushei imepita tangu mtu aonyeshe kwamba mlango upo, na sisi bado tunapita nje ya nyumba.

Kwa nini basi tiba ya homoni haitajwi? Sababu moja ina tarehe. Julai 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake moja kabla ya muda. Sehemu hiyo ilikuwa na wanawake 16,608, na waliokuwa wakimeza estrojeni pamoja na projestini walionekana kupata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda kuliko waliopewa vidonge vitupu. Dunia nzima madaktari wakaweka kalamu chini. Iliyochelewa kusafiri ni habari kwamba wanawake wale wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, hedhi imewaaga zamani, na kwamba dawa waliyomeza ilitokana na mkojo wa farasi wenye mimba. (Ndiyo, mkojo wa farasi. Dawa hiyo, Premarin, iliidhinishwa Marekani mwaka 1942. Msomaji wa Unguja anayeuliza habari za najisi ana haki yake, na jibu ni kwamba estradioli ya jeli na mabandiko ya siku hizi hutengenezwa kutokana na mimea, kama soya na viazi vikuu vya porini.) Mwanamke wa miaka 41 aliyekatikiwa na hedhi kwa maradhi hafanani na bibi yule wa miaka 63. Mwenye figo nzima akiingia ukomo mapema hivyo, ushauri wa kitabibu wa sasa ni kumrudishia homoni mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, miaka 50 hivi, iwapo hana kizuizi.

Hapa tunawageukia walio upande wa pili, wanaoweza kudhani tumetoa kibali cha kugawa vidonge. Hatukukitoa. Kwa mgonjwa wa figo tiba ya homoni ni kamba nyembamba, na anayemtembeza mgonjwa juu yake lazima aijue. Estradioli ya kumeza, kwa dozi ileile, hufika kiwango cha juu zaidi katika damu ya mwanamke ambaye figo zake hazifanyi kazi. Ndiyo maana waliopima walishauri dozi ipunguzwe, pengine kwa nusu. Njia ya ngozi hupendelewa kwa kuwa haipitii ini kwanza na hatari ya damu kuganda huwa ndogo, na kuganda kwa damu kwa mtu huyu kunaweza kuua ule mshipa wa mkononi ambao ndio uhai wake. (Anayeishi kwenye joto letu la kaskazi ajue kuwa bandiko na jasho havipatani, jeli ya kupaka huenda ikamfaa zaidi.) Mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake hata siku moja: bila projestojeni, ukuta wa mji wa mimba hunenepa na saratani hupata pa kuanzia. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo, au ambaye presha yake imekataa kushuka, kwake jibu laweza kuwa hapana. Hapana iliyotokana na kupimwa ni tiba pia. Tunayoikataa ni ile hapana ya kutoulizwa.

Lipo moja ambalo peke yake lingetosha kuandikiwa tahariri. Kila mgonjwa wa mashine hapa kwetu anajua kwa moyo vitu alivyokatazwa: ndizi, dafu, chungwa, mchuzi wa nazi usiopimwa. Vina potasiamu, na potasiamu ikizidi moyo husimama. Basi vipo vidonge vya uzazi wa mpango na vya ukomo wa hedhi vyenye projestini iitwayo drospirenoni, nayo huzuia potasiamu isitoke mwilini. Mwenye figo zilizoshindwa haruhusiwi kuitumia. Mwanamke anayelikimbia dafu kama nyoka anaweza kuingia duka la dawa, akaeleza kwa aibu kwamba hedhi imepotea, akatoka na pakiti ya vidonge hivyo bila mtu kumuuliza figo zake zikoje. Muuza dawa anayefanya hivyo ajue anacheza na roho ya mtu. Na yule anayemuuzia mizizi ya “kufungua damu” naye yumo humohumo. Figo ambayo bado ina uhai kidogo humalizwa na dawa kama hizo zisizo na kipimo.

Tuseme na jambo la nyumbani, kwa stara. Unyago wetu ulikuwa na kungwi na somo. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani akafundishwa mwili wake, usafi wake na mumewe. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini wanawake wengi wa kisiwa hiki walimjua zaidi kwa msondo na unyago. Mafunzo yale yalikuwa ya kuingia. Ya kutoka, siku damu inapokatika, hayana ngoma wala mwalimu. Mwanamke wa miaka 40 anayeona ukavu na maumivu katika unyumba anamficha mumewe, mume anadhani amechukiwa, na majirani wa kwanza kupata habari ni wale wanaosikia kwamba mwanamume ametafuta mke wa pili. Krimu ya estrojeni ya kutumia mahali penyewe, ambayo huingia katika damu kwa kiasi kidogo sana, ingeweza kumpunguzia mateso hayo na hata maambukizi ya mkojo yanayomrudia. Ndoa ngapi zimevunjwa kwa tatizo ambalo dawa yake ni kijibomba cha krimu?

Na katika mji wetu hedhi ina hukumu zake. Sala, saumu, tohara na eda vyote vinaitazama. Vitabu vya Kishafi vimetofautisha hedhi iliyokoma kwa umri na iliyokatika kwa maradhi, na tofauti hiyo si ndogo kwa mwanamke aliyeachwa anayehesabu eda yake. Damu ya siku kumi ya mwanamke wa mashine, ipi ni hedhi na ipi ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi? Damu inayokuja kwa mzunguko wa dawa za homoni ihesabiwe vipi? Mgonjwa hana budi kuyajua haya, na daktari peke yake hawezi kuyajibu. Ofisi ya Mufti na makadhi wakae na madaktari wa figo na wa wanawake, watoe mwongozo wa kurasa chache kwa Kiswahili chepesi. Hii ni kazi ya wiki mbili, na hatuoni sababu ya kuisubiri mwaka.

Ukimya huu haukuzaliwa Unguja. Madaktari wa figo waliohojiwa huko Canada na Marekani, ambako vifaa vyote vipo, nao wamekiri kwamba mazungumzo ya hedhi na unyumba mara nyingi hawayagusi. Tiba hii tangu utotoni mwake ilihesabu uhai tu. Mjini Seattle mwaka 1962, mashine zilipokuwa chache, kamati ya watu saba iliketi kuamua nani asafishwe na nani aachwe afe. Mwanamke humo alikuwa mmoja, mama wa nyumbani. Tarehe 8 Machi 2018 Siku ya Figo Duniani iliangukia siku moja na Siku ya Wanawake Duniani, na afya ya wanawake ikafanywa ndiyo kaulimbiu. Yalisemwa mengi siku ile, fulana zikavaliwa. Fulana zimechakaa.

Mbweni hii anakoishi mama mdogo ina deni lake la pekee. Hapa ndipo Wamisionari wa UMCA walipoweka, katika miaka ya 1870, skuli ya wasichana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray aliiongoza kutoka 1877 hadi 1902, akabaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Magofu yake yapo, watalii huyapiga picha. Na hapa Mbweni ndipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinapofundishia masomo ya afya. Wauguzi na matabibu wa kesho wa visiwa hivi wanapita njia hii wakiwa na makoti meupe mkononi. Tunakitaka chuo kiweke somo la homoni za mwanamke mwenye maradhi sugu, la figo likiwa la kwanza, na katika mtihani wa vitendo mwanafunzi apimwe kama anajua kumuuliza mwanamke mtu mzima habari za hedhi bila kumvunjia heshima. Binti yule mpole wa “ni kawaida” hakukosa moyo. Alikosa la kusema baada ya neno lile, kwa sababu hakufundishwa.

Wizara ya Afya nayo isijifiche nyuma ya ufinyu wa bajeti, kwa kuwa kinachotakiwa kwanza hakigharimu kitu: mstari mmoja kwenye karatasi ya mgonjwa, tarehe ya hedhi ya mwisho, ujazwe kama uzito unavyojazwa. Cha pili ni siku moja kwa mwezi ambayo daktari wa wanawake anakwenda kitengo cha figo, awafuate wagonjwa walipo, badala ya kumwandikia mtu anayekaa kwenye mashine saa nne, mara tatu kwa wiki, barua ya kwenda kliniki nyingine siku nyingine kwa daladala nyingine. Cha tatu ndicho chenye gharama: jeli ya estradioli, projesteroni, krimu, na kitanzi chenye homoni kwa wale wanaomwagika damu, viwemo katika orodha ya dawa za visiwa hivi na vipatikane. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023, uvilipie. Anayeona ni ghali apige hesabu ya nyonga iliyovunjika, na ya damu inayotiwa kwa mwanamke ambaye angeweza kuzuiwa asiimwage.

Kuna na walio njiani kupandikizwa. Tangu Novemba 2017, Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, figo mpya si ndoto ya India tena. Figo mpya ikishika, hedhi hurudi ndani ya miezi, na mimba nayo hurudi. Mwanamke aliyezoea miaka sita bila kuona damu, ambaye hakuna aliyewahi kuzungumza naye habari hizo, hashuku kitu. Huku baadhi ya dawa za kuilinda figo hiyo, mikofenoleti ikiwa mojawapo, humharibu mtoto tumboni, na ushauri ni kusubiri angalau mwaka mmoja na kubadilishiwa dawa kwanza. Aliyenyamaziwa hedhi ilipokatika hunyamaziwa pia inaporudi, na safari hii wanaolipa ni wawili.

Tunamaliza na wewe msomaji uliye kwenye mashine, au mwenye mama, dada au mke aliye huko. Safari ijayo usisubiri kuulizwa. Andika kwenye kikaratasi tarehe ya mwisho uliyoona damu, ilitoka siku ngapi, usiku unalala vipi, na kila kidonge au mzizi unaotumia. Ukiona haya kutamka, mpe muuguzi kikaratasi chenyewe. Akikwambia ni kawaida, usigombe naye. Muulize tu: kawaida, halafu?